Mwalimu Nyerere: kansere ya damu ilimkuta bado yuko kazini kwa ajili ya Maziwa Makuu

Wakaaji wa Mugunga wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa Novemba 1996 ilikuwa namna gani. Kartie hii ya komine ya Karisimbi, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, ilikuwa imebeba juu ya mawe yake ya volkano kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda tangu mwaka 1994. Katikati ya mwezi ule kambi ilivunjwa na vita. Mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya kurudi Rwanda, wengine wakakimbilia magharibi, misituni.

Siku zilezile, mtu ambaye viongozi wa ukanda walikuwa wamemkabidhi kazi ya kupatanisha Warundi, jirani waliokuwa wakiungua kwa moto wa aina moja na huo, alikuwa mzee wa miaka 74 aliyestaafu: Julius Kambarage Nyerere. Huku kwetu anajulikana kama Mwalimu, baba wa taifa la Tanzania. Kinachojulikana kidogo ni kwamba sehemu ya mwisho ya kazi hiyo aliifanya akiwa na leukemia, kansere ya damu, ile ya polepole.

Alizaliwa Aprili 1922 Butiama, karibu na Ziwa Victoria, mtoto wa chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na mama Mgaya, mmoja kati ya wake wengi wa chifu. Shule alianza akiwa na miaka 12, Musoma, tena kwa kulala hukohuko bweni. Akapita Tabora, akapita Makerere huko Uganda, akafundisha, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uingereza, na kurudi na shahada mwaka 1952. Jina la Mwalimu lilitoka darasani, si katika siasa. Tarehe 7 Julai 1954 alikuwa kiongozi wa chama kipya, TANU, na mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961 bila vita. Aprili 1964 ikaungana na Zanzibar.

Mengine yameandikwa sana: Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Si yote yalikuwa mazuri. Watu walihamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, wapinzani walifungwa bila kesi, na uchumi ulianguka. Mwaka 1985 aliacha kiti cha urais kwa hiari yake, jambo ambalo katika Zaïre ya Mobutu wa wakati ule lilisikika kama hadithi ya sayari nyingine.

Kwa mtu wa Kivu, lakini, kuna sura mbili za maisha yake zinazogusa zaidi. Ya kwanza ni wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 hawakuachwa kwenye mahema tu. Tanzania iliwapa ardhi ya kulima katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na baada ya miaka michache wakawa wanalisha masoko ya jirani. Wanyarwanda wa wimbi la kwanza, maelfu kwa maelfu, walifunguliwa mlango wa uraia. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa Nyerere medali ya Nansen, ile inayotolewa kwa waliosaidia wakimbizi. Mtu aliyeishi Mugunga, ambapo baada ya wakimbizi wa Rwanda zilifuata kambi za Wakongomani wenyewe waliokimbia vita, anajua tofauti kati ya shamba na hema.

Sura ya pili ni Kongo yenyewe. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wake walipita Dar es Salaam na Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi wa Fizi, na serikali ya Nyerere ilijua. Mzee Laurent-Désiré Kabila aliishi miaka mingi Dar es Salaam. Vita vya 1996 vilipoanza, Nyerere alikuwa kati ya wazee wa ukanda waliotaka utawala wa Mobutu ufike mwisho. Kwa sababu ya vita hivyo, na vile vilivyozaliwa navyo, si kila familia ya Kivu inamkumbuka kwa moyo mmoja, na hilo linaeleweka.

Upatanishi wa Burundi ulianza Mwanza mwaka 1996. Julai ya mwaka ule Pierre Buyoya alichukua utawala kwa nguvu, na nchi za ukanda, Nyerere akiwa mbele, zikaifungia Burundi biashara. Watu wa Buyoya walimshutumu kwamba anaegemea upande mmoja. Yeye aliendelea. Juni 1998 aliweza kukalisha Arusha wajumbe wa serikali na wa vyama zaidi ya kumi, kisha kazi ikagawanywa kwa kamati tano. Kosa moja linabaki juu ya faili lake: vikundi vyenye bunduki ambavyo ndivyo hasa vilikuwa vinapigana havikuwa na kiti mezani, na baada yake vita viliendelea kwa miaka.

Ni wakati huo, karibu mwaka mmoja kabla ya kifo chake, waganga walipogundua leukemia. Kwa muda mrefu ni watu wachache tu waliojua. Mzee aliendelea kupanda ndege na kusikiliza hotuba ndefu za wajumbe.

Leukemia huanza katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, ambamo damu inatengenezwa. Chembe nyeupe, askari wa mwili, zinaanza kuongezeka bila mpango. Katika aina kali mgonjwa anaweza kufa ndani ya wiki chache. Katika aina ya polepole anaweza kukaa miaka bila dalili, na mara nyingi ugonjwa unagunduliwa kwa bahati, mtu alipopimwa damu kwa sababu nyingine. Ile ya limfositi, moja ya jamii za chembe hizo nyeupe, hupata hasa wazee. Lakini polepole hiyo si sawa kwa wote. Wagonjwa wawili wenye damu inayofanana chini ya mikroskopu, mmoja anaishi miaka ishirini, mwingine anaondoka upesi. Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye ncha za kromosomu.

Kila chembe ya mwili inabeba kromosomu, nyuzi zilizoandikwa jeni zetu. Ncha zake zinaitwa telomea. Anayefunga mizigo juu ya chukudu anajua kwamba kamba isiyofungwa ncha inafumuka. Telomea ndiyo fundo la mwisho. Kila chembe inapojigawa, fundo linapungua kidogo. Likiisha, chembe ya kawaida inasimama au inakufa, na hiyo ni kinga, maana chembe haiwezi kuzaana bila mwisho. Kuna kimeng'enya kinachorefusha telomea, telomerasi, lakini katika chembe nyingi za mtu mzima jeni yake, TERT, imezimwa.

Katika leukemia ya polepole ya limfositi, watafiti walikuta telomea fupi kuliko za watu wazima wenye afya. Wagonjwa wenye telomea fupi zaidi ndio ambao ugonjwa wao unakwenda haraka, na mara nyingi ni kwao pia telomerasi inafanya kazi zaidi. Chembe imejigawa mpaka karibu kumaliza fundo, kromosomu zinaanza kuvunjika na kushikana ovyo, kisha jeni iliyozimwa inawashwa, na chembe mbovu inapata maisha mapya. Kwa wagonjwa wachache, jeni nyingine inayolinda ncha hizo, POT1, imeharibika. Katika leukemia ya polepole ya jamii nyingine, ya mieloidi, telomea pia hufupika kadiri ugonjwa unavyosonga mbele.

Elizabeth Blackburn na Carol Greider waligundua telomerasi katika kiumbe kidogo cha majini miaka ya 1980, na mwaka 2009 wakapata Nobel pamoja na Jack Szostak. Jeni TERT ya binadamu ilipatikana mwaka 1997. Nyerere alipoanza kuugua, basi, elimu hiyo ilikuwa bado ndani ya labo. Dawa zilizobadilisha maisha ya wagonjwa zilikuja baada yake: imatinib mwaka 2001 kwa aina ya mieloidi, ibrutinib mwaka 2014 kwa ile ya limfositi. Dawa ya kwanza inayozuia telomerasi yenyewe, imetelstat, iliruhusiwa Marekani mwaka 2024, tena kwa ugonjwa mwingine wa uboho. Kwa leukemia ya polepole bado haijafika huko.

Septemba 1999 Mwalimu alikuwa London kwa matibabu. Hali ilibadilika ghafla, akalazwa hospitali ya St Thomas', akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77. Prezida Benjamin Mkapa ndiye aliyewatangazia Watanzania. Mwili ulirudishwa Dar es Salaam, watu wakapanga mistari siku na usiku kumwaga, kisha akazikwa Butiama, katika ardhi ya baba yake.

Meza ya Arusha ilibaki bila mwenyewe. Desemba Nelson Mandela alikubali kuikalia, akaongeza shinikizo na kuita wakuu wa nchi. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa sahihi huko Arusha, miezi kumi baada ya mazishi ya yule aliyeanzisha mazungumzo.