Wilhelm Schlenk, mtu aliyefungia hewa nje

Siku hizi ukitaja lithiamu hapa kwetu Kabondo-Dianda, mtu anawaza Manono na betri za magari. Lakini kuna Mjerumani aliyeshughulika na lithiamu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wala hakuwa anatafuta betri. Ni Wilhelm Schlenk.

Alizaliwa Munich mwaka 1879, akasomea kemia huko huko, kiisha akaenda kufundisha Jena. Mwaka 1917, yeye na Johanna Holtz walitangaza kwamba wamefaulu kuifunga lithiamu kwenye kaboni. Walichukua kampaundi ya zebaki na kaboni, sumu kali kabisa, wakaikutanisha na lithiamu. Lithiamu ikafukuza zebaki, ikakaa mahali pake.

Sasa shida ikawa hewa. Esanse tunaijua wote: inauzwa kwa chupa barabarani, na haiwaki mpaka moto uisogelee. Methili-lithiamu ya Schlenk haingojei kiberiti. Ikikutana na hewa tu inajiwasha yenyewe, mwali mwekundu na cheche za rangi ya dhahabu. Ni kwa sababu lithiamu inaachia elektroni yake kirahisi, na kaboni iliyo karibu inabaki nazo nyingi kupita kiasi. Oksijeni nayo ina njaa ya elektroni. Inajipenyeza katikati ya hizo mbili, joto linatoka kwa nguvu. Hata ikiingia kidogo kidogo bila moto kuwaka, mali imeharibika, imegeuka kitu kingine cha ukoo wa alkoholi.

Ndipo Schlenk akatengeneza vyombo vya kioo vyenye mdomo wa pembeni. Unanyonya hewa yote, unajaza nitrojeni kavu, kazi inafanyika humo ndani. Mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. (Johanna Holtz hakupewa hata kizibo.) Na mpira wa matairi mengi leo unaanzishwa kwa butili-lithiamu, ndugu wa ile ya 1917, hewa ikiwa imefungiwa nje vilevile.

Mwaka 1921 Schlenk alipewa kiti cha marehemu Emil Fischer kule Berlin, cheo kikubwa sana kwa mkemia. Halafu Hitler akashika nchi. Schlenk hakupatana na Wanazi, na mwaka 1935 akajikuta Tübingen, mji mdogo, mbali na Berlin. Ni huko alifariki, Aprili 1943, vita ikiwa haijaisha.