Al-Biruni na jiwe la feruzi

Kwetu Kongo watu wengi wanaitwa Feruzi. Mmoja nilisoma naye shule ya msingi huko Likasi, na hakuna kati yetu aliyejua maana ya jina lake. Niliijua nikiwa chuoni, nilipofuatilia maneno ya Kiajemi yaliyoingia katika Kiswahili. Piruz ni mshindi. Waarabu, ambao hawana sauti ya p, walilifanya fayruz, na Waswahili wakasema feruzi. Ndilo pia jina la kito cha rangi ya buluu inayokaribia kijani. Wafaransa wanakiita jiwe la Kituruki kwa kuwa kiliwafikia kwa njia ya Uturuki, ingawa kilichimbwa Uajemi. Neno hilo ndilo lililonifikisha kwa Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973 Khwarazm, nchi ambayo sehemu yake leo iko ndani ya Uzbekistan, karibu na mji wa Kath. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur, mwanahisabati. Vita vya watawala vilimfukuza kwao akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipata hifadhi Gurgan, na huko, karibu na mwaka 1000, aliandika kitabu kuhusu kalenda za mataifa. Alirudi nyumbani, lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm na kumchukua pamoja na wataalamu wengine. Tangu hapo aliishi chini ya watu walioiteka nchi yake. Hakukaa bure. Alijifunza Kisanskriti, na karibu na mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya India.

Katika kitabu hicho kuna jambo ambalo mwanajiolojia angelipenda. Aliona kwamba karibu na milima, mito ya India hubeba mawe makubwa. Mbali kidogo mawe yanakuwa madogo, na karibu na bahari unabaki mchanga. Akahitimisha kwamba tambarare ile zamani ilikuwa bahari, na mito ndiyo iliyoijaza.

Uzeeni, wakati wa Sultani Mawdud, aliandika kitabu cha vito na madini. Humo feruzi ina sura yake, na machimbo yake mashuhuri ni yale ya Nishapur, Uajemi. Kwa kila jiwe anaeleza linatoka wapi, majina yake, bei yake, na hadithi zake. Hadithi hakuzikubali hivihivi. Watu walisema nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Alijaribu kwa muda wa miezi tisa, hata kumvika nyoka mkufu wa zumaridi, na nyoka akabaki anaona.

Alikuwa pia na chombo chenye umbo la pia, chenye mrija ubavuni. Alikijaza maji, akatumbukiza jiwe, kisha akapima uzito wa maji yaliyotoka. Hivyo alilinganisha mawe na metali bila kudanganywa na rangi.

Rangi hudanganya kweli, hasa sisi watu wa Katanga. Feruzi ni fosfeti ya shaba na alumini yenye maji ndani yake. Mara nyingi huzaliwa katika nchi kavu, karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua yanapopenya miamba yenye shaba, yakayeyusha kidogokidogo na kuacha jiwe jipya katika nyufa. Shaba ndiyo inayotoa ubuluu. Kwetu shaba hulala zaidi katika miamba ya dolomiti, yenye kaboneti nyingi, kwa hiyo tunapata malakiti kwa wingi. Tunapata pia krisokola, jiwe la buluu linalofanana sana na feruzi.

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji. Kabla ya kufa alinipa jiwe la buluu, akaniambia ni feruzi, na kwamba siku nikikosa minervali ya chuo niliuze. Miaka minne nilililaza chini ya nguo zangu kama akiba. Baada ya kumsoma al-Biruni nilitafuta mizani na kikombe. Jiwe lilikuwa na gramu 66. Maji yaliyomwagika, gramu 30. Gawanya: 2.2. Feruzi huanzia karibu 2.6. Kisha nililikwaruza kwa ncha ya kisu, likakwaruzika kirahisi. Ilikuwa krisokola.

Nilikaa wiki nzima sijamwambia mama. Nilipomwambia, hakuuliza bei. Aliuliza jiwe hilo linaitwaje kwa Kisanga. Sikujua.

Hapo nagombana kidogo na mzee wangu huyu. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarazmi, naye hakuona kwamba inaweza kubeba sayansi. Aliandika hasa kwa Kiarabu. Lakini yeye mwenyewe aliandika majina ya miezi ya Kikhwarazmi katika kitabu chake cha kalenda, na mwisho wa maisha yake alianza kitabu cha dawa kinachotaja kila dawa kwa majina ya lugha nyingi. Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, kitabu hicho hakijakamilika. Kikhwarazmi kilikufa karne chache baadaye. Leo wataalamu wanakijua kwa mabaki machache, na miezi ile ya al-Biruni ni sehemu ya mabaki hayo.

Jiwe la mjomba liko mezani kwangu ninapoandika. Kando yake kuna daftari. Likizo hii nitakwenda kwa wazee waliochimba pamoja naye, niwaonyeshe jiwe moja moja, niandike wanaliitaje. Nitaanza na hili.