Tumadhir: Jina Lililofunikwa na Lakabu

Jina jema hung'aa gizani, walinena wahenga. Hata hivyo, yapo majina yanayofifizwa na umaarufu wa wenyewe. Malenga wa kike aliyevuma kuliko wote katika Uarabuni ya kale hufahamika kwa lakabu ya Al-Khansaa, ilhali jina alilopewa na wazazi wake ni Tumadhir binti Amr. Makala haya yanaangazia jina hilo na maisha ya aliyelibeba.

Tumadhir alizaliwa Najd yapata mwaka wa 575, katika kabila la Banu Sulaym. Jina lake ni adimu, na umbo lake ni la aina yake: lafanana na kitenzi cha Kiarabu chenye kiambishi cha nafsi ya tatu ya kike. Mzizi wake, m-dh-r, wahusu maziwa yaliyochachuka. Ibn Durayd, mwanaleksikografia aliyefariki mwaka wa 933, alilinasibisha na maziwa hayo. Wengine huona humo maana ya weupe. Kwa wafugaji wa jangwani, ambao maziwa yalikuwa uhai wao, jina kama hilo lilikuwa dua njema. Lakabu ya Al-Khansaa nayo yataja pua fupi iliyobinuka kidogo kama ya swala, sifa ya urembo machoni pa Waarabu wa enzi hizo. Ni dhahiri basi kuwa si kila jina la Kiarabu lilizaliwa na dini. Majina haya mawili yalikuwako kabla ya Uislamu, nayo yalichotwa katika mifugo na wanyama wa mwituni.

Akiwa kigoli, Tumadhir alichumbiwa na Durayd bin al-Simma, shujaa na mshairi wa Hawazin. Alimkataa kwa kuwa umri wake ulikuwa umesonga.

Msiba ndio uliomkomaza kisanaa. Nduguye, Muawiya, aliuawa vitani yapata mwaka wa 612. Sakhr, ndugu yao wa kwa baba, alilipiza kisasi, lakini baadaye naye akajeruhiwa katika uvamizi mwingine, akaugua kwa muda mrefu, kisha akafariki. Huyu ndiye aliyekuwa akimgawia dada yake mali kila alipofikwa na dhiki. Tangu hapo Tumadhir hakukoma kumlilia. Mbolezi, iliyokuwa kazi ya wanawake matangani, ikapata kwake hadhi ya ushairi mkuu. Inasimuliwa kwamba alighani tungo zake katika soko la Ukaz mbele ya Al-Nabigha al-Dhubyani, naye akamsifu mno.

Mnamo mwaka wa 630 hivi alisilimu pamoja na watu wa kabila lake. Mapokeo yasema wanawe wanne waliuawa katika vita vya Qadisiyya, yapata mwaka wa 636, naye akaupokea msiba huo kwa subira. Aliaga dunia katika miaka ya 640. Diwani yake ilihifadhiwa na wapokezi, na katika karne ya 19 Louis Cheikho akaichapisha mjini Beirut.

Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi, mna funzo hapa. Aliyeyahifadhi majina ya nduguze kwa karne kumi na nne anastahili kukumbukwa kwa jina lake mwenyewe. Tunapomtaja Al-Khansaa darasani, tumtaje pia Tumadhir.