Askofu Hannington na Swali la Mwanzo wa Kanisa

Vijana wetu wakaao Nakuru na miji mingine ya Bonde la Ufa huishi mlango kwa mlango na Wakristo, na mara nyingi huuliza: hilo Kanisa lilianza lini, na wapi? Wengi wao hudhani ya kuwa jawabu ni moja na kila Mkristo hulijua. Sivyo. Na kwa kuwa hapa kwetu jina la Askofu James Hannington hutajwa sana katika khabari hizi, tumeona ni bora kueleza maisha yake, ili msomaji aone jinsi Wakristo wanavyohesabu mwanzo wao.

Kwanza yataka ijulikane ya kuwa walio wengi katika wao huitakidi kwamba Kanisa lilizaliwa Baitul-Maqdis, siku waiitayo Pentekoste, siku ya hamsini ya Pasaka yao, pale Roho Mtakatifu alipowashukia wanafunzi wa Nabii Isa (a.s.). Wako wasemao ya kuwa msingi uliwekwa kabla ya hapo, kaskazini ya Palestina karibu na Banias, alipoambiwa Petro kwamba yeye ndiye mwamba. Na juu ya hilo Wakatoliki hujenga daraja ya Papa wa Roma. Jina lenyewe la Wakristo, kwa mapokezi yao, lilianza kutumiwa Antakia. Waingereza nao wana hesabu yao ndani ya hesabu hiyo: huwataja watawa waliofika Kent pamoja na Augustino mwaka 597, na wapinzani wao huwakumbusha Mfalme Henry wa Nane aliyejitenga na Roma mwaka 1534.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini ya Uingereza, mtoto wa mfanya biashara mwenye mali. Alikuwa mtundu sana. Utotoni alichezea baruti ikamkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Watu wake hawakuwa katika Kanisa la Kiingereza hapo mwanzo, bali waliingia baadaye. Alisoma Oxford, akawa padri, na pengine angalikufa mzee kijijini kwake lau hakusikia khabari za wamisheni wawili waliouawa Ukerewe mwaka 1877. Khabari hiyo ilimshika moyo. Mwaka 1882 alifika Unguja, akashika njia ya kusini kwenda ziwa kuu la Nyanza, lakini homa na tumbo la kuhara damu vilimrudisha kwao mwaka wa pili yake, hali yu taabani.

Mwaka 1884 alifanywa askofu wa Afrika ya Mashariki. Na hapa pana jambo la kuangaliwa: wakubwa wake hawakumleta moja kwa moja Mombasa, walimwagiza apitie kwanza Palestina kuwakagua Waanglikana wa huko. Basi mtu huyu alikanyaga Baitul-Maqdis, mji ambao wao husema ndiko Kanisa lilikozaliwa, kisha akapanda meli akafika kwetu Januari 1885. Makao yake yalikuwa Frere Town, pale watu wa Mombasa wapaitapo Kengeleni, palipokaa watumwa waliokombolewa. Mwezi Mei aliwapa ushemasi Waafrika wawili walioletwa kutoka Bara Hindi, Ishmael Semler na William Jones. Kwa rai yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ndiyo isimuliwayo kidogo kuliko zote.

Mwezi Julai aliondoka Rabai na wapagazi kiasi cha 200, na Jones pamoja naye. Hakutaka tena njia ya kusini iliyomwuguza. Alitaka kufika Buganda kwa kukata nchi ya Wamasai, njia ambayo Joseph Thomson aliipita mwaka 1883, na ambayo misafara ya biashara ya watu wetu wa pwani ilikuwa imekwisha kuijua. Wakapita Ukambani, wakateremka Bonde la Ufa, wakapita Naivasha na kuelekea kaskazini. Mji wa Nakuru haukuwako. Ulikuja na reli, miaka kumi na mitano baadaye. Hakujenga kanisa Bondeni wala hakubatiza kijiji. Alipita tu, akiwalipa Wamasai ushanga na nguo ili apewe njia.

Oktoba walifika kwa Mumia, mahali misafara ilipopaita Kwa Sundu. Hapo alimwacha Jones na watu wengi, akachukua watu kiasi cha 50 akaendelea. Hakujua ya kuwa Waganda walikuwa na khofu ya kale juu ya yeyote ajaye kwa upande wa mashariki, wakiamini atakuja kuila nchi. Na mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kunyakua nchi katika bara ya pwani, na khabari zilifika kwa Kabaka Mwanga. Wamisheni wa Buganda walijua hatari hiyo, lakini onyo lao halikumwahi. Alikamatwa Busoga kwa chifu Luba, na tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa pamoja na wapagazi wake, wakaokoka wachache tu. Umri wake miaka 38.

Vitabu vya wamisheni hupenda kuwatwika Waarabu wa barazani kwa Mwanga lawama ya damu hiyo. Hatusemi ya kuwa wafanya biashara wale hawakuwa na neno katika shauri, wala hatutetei kuuawa kwa mgeni asiyekuja na vita. Lakini amri ilikuwa ya Kabaka, na khofu yake ilikuwa ni ya nchi yake. Joseph Mukasa, Mkatoliki aliyemlaumu kwa kitendo hicho, aliuawa naye mwezi uliofuata, kisha wakaja wale wa Namugongo mwaka 1886.

Basi Wakristo wengi wa Bonde la Ufa humtaja Hannington miongoni mwa baba zao, na hali hakuacha kwao hata madhabahu. Kwa nini? Kwa sababu Kanisa, kila liendapo, hupenda kuhesabu mwanzo wake kwa kaburi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alimzika mkewe na mtoto wake mchanga ng'ambo ya kisiwa. Akawaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ndilo alama ya kuwa kazi imeanza. Wakatoliki hurudi nyuma zaidi, kwa watawa wa Kireno na waliouawa Mombasa mwaka 1631 katika zama za Yusuf bin Hasan. Ukiuliza kwa karatasi, dayosisi ya Kianglikana ya Nakuru ni ya mwaka 1961, na ya Kikatoliki ni ya 1968. Ukiuliza kwa moyo, utatajiwa waliokufa.

Na sisi je? Buganda, kiasi cha mwaka 1876, Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu kwa kushika dini yao, karibu miaka kumi kabla ya Hannington. Ni wangapi katika wasomaji wetu wawezao kutaja jina la mmoja wao? Uislamu ulifika kwa Mumia kwa miguu ya wafanya biashara wa pwani, na Mumia mwenyewe akasilimu. Lakini madarasa yetu hayafundishi ni nani aliyemsomesha. Wenzetu waliandika shajara kila jioni, katika homa na katika kifungo. Shajara ya Hannington ilikombolewa ikachapishwa Uingereza. Wapagazi waliokufa naye, watu wa Rabai na wa pwani, hawakuwa na shajara, na ni nadra majina yao kutajwa hata makanisani.

Mifupa yake ilizikwa Namirembe siku ya mwisho ya mwaka 1892. Bondeni, wakoloni waliliita kwa jina lake ziwa moja lenye chemchemi za moto na ndege heroe, kaskazini ya Nakuru. Wenyeji hawakuacha kuliita Bogoria, na ndilo jina lililoko katika ramani leo.