Jina la Bibi Lenormand liliuzwa akiwa kaburini

MTU aliyezoea kutazamia kwa karata za taroti, akifika kwenye karata ziitwazo za Lenormand, hana budi kuwa mwanafunzi upya. Taroti ni karata 78. Hizi ni 36 tu. Taroti zina picha za wafalme, malaika, shetani na mnara upigwao na radi. Hizi zina vitu vya kila siku: jahazi, nyumba, mti, nyoka, panya, barua, ufunguo. Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao baada ya miaka mingi ya taroti huziendea hizi, wakiambiwa kuwa ndizo alizozitumia bibi mmoja wa Paris aliyewatabiria wakubwa wa Ufaransa mambo yao.

Bibi huyo alikuwako kweli, na sifa zake zilienea Ulaya nzima. Lakini karata hizo hakuzitunga yeye, wala hakuna ushahidi kwamba alipata kuzishika mkononi mwake. Jinsi jina lake lilivyobandikwa juu yake ni kisa chenye mafunzo, na kukifahamu yafaa tuanze na maisha yake mwenyewe.

YATIMA

Marie Anne Adélaïde Lenormand alizaliwa mwaka 1772 katika mji wa Alençon, jimbo la Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye angali mdogo, akasomeshwa na watawa wa Kikatoliki. Alipokuwa msichana alifunga safari kwenda Paris kutafuta maisha.

Mji aliouingia ulikuwa u karibu kupinduka. Mapinduzi yalizuka mwaka 1789. Januari 1793 Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa, na tangu mwaka huo hadi Julai 1794 Paris iliishi katika hofu kuu. Aliyelala hali ni mkubwa wa serikali aliamka mahabusu, na aliyemhukumu naye hakujua kama ataiona wiki ya pili. Katika mji wa namna hiyo kila mtu, tajiri kwa maskini, alikuwa na suala moja tu moyoni: kesho yangu itakuwaje? Bibi Lenormand akafanya biashara ya kulijibu suala hilo.

MABINGWA WALIOMTANGULIA

Kazi hiyo ya kutazamia kwa karata ilikuwa bado changa Ufaransa. Bingwa wake wa kwanza kujulikana alikuwa Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla. Mwaka 1770 alitoa kitabu cha kufundisha kutazamia kwa karata za kawaida, zile za kopa, uru, shupaza na pau. Kisha mwaka 1781 mwanachuoni mmoja, Antoine Court de Gébelin, akaandika kwamba taroti si mchezo, bali ni elimu ya siri ya Misri ya kale. Etteilla, baada ya miaka mingi ya karata za kawaida, akahamia taroti na kuanza kuzifundisha. Alifariki mwaka 1791.

Hiyo habari ya Misri haikuwa na msingi. Taroti zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa karata za kuchezea tu. Isitoshe, wakati de Gébelin alipoyaandika hayo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Champollion hakuupata ufunguo wake hadi mwaka 1822. Lakini watu walipendezwa na siri kuliko ukweli, na bibi wetu aliikuta njia imekwisha fyekwa.

WATEJA WA MTAA WA TOURNON

Alifungua baraza lake katika nyumba nambari 5, mtaa wa Tournon, karibu na kasri ya Luxembourg. Kwa nje alikuwa muuza vitabu; kwa ndani alitazama karata, viganja vya mikono na nyota. Kwa maelezo yake mwenyewe, waliofika kwake ni pamoja na Marat, Robespierre na Saint-Just, viongozi wa zile siku za hofu.

Mteja atajwaye zaidi ni Josephine, aliyekuja kuwa mke wa Napoleon. Josephine aliyaonja machungu ya wakati ule: mwaka 1794 alitiwa gerezani, na mumewe wa kwanza akakatwa kichwa siku tano tu kabla ya Robespierre mwenyewe kufikwa na yayo hayo. Mtu aliyeponea tundu la sindano kama hivyo si ajabu akitafuta wa kumwambia kesho ina nini. Hata alipokuwa malikia hakuiacha tabia hiyo.

Mnamo Desemba 11, 1809, Bibi Lenormand alikamatwa na polisi. Siku nne baadaye Napoleon na Josephine wakatangaza kuachana. Bibi alipoachiliwa aliligeuza tukio hilo kuwa mtaji. Napoleon alipoanguka mwaka 1814, alitoa kitabu akidai kwamba alikamatwa kwa kuwa alikuwa ameiona talaka hiyo kabla haijatoka.

Serikali haikumhofia kama alivyopenda watu waamini. Sheria ya jinai ya Ufaransa ya mwaka 1810 iliwahesabu wapiga ramli na wafasiri wa ndoto kuwa wakosaji wadogo, wa kutozwa faini ya faranga 11 hadi 15. Kwa mtu aliyepokea mabibi wenye magari ya farasi, hiyo ilikuwa kama kodi ya soko. Alipovuka mpaka ndipo alipopata taabu zaidi: mwaka 1821 alikamatwa huko Ubelgiji na kushitakiwa. Mwaka uliofuata, kama ilivyokuwa desturi yake, mkasa huo nao ukawa kitabu.

WAFU HAWAJIBU

Hapa msomaji na aangalie jambo moja. Karibu yote tunayoyajua kuhusu wakubwa waliopanda ngazi za nyumba ile yanatoka katika vitabu vya bibi mwenyewe, na vitabu hivyo alivitoa wakati wahusika wakiwa wamekwisha kufa. Marat aliuawa mwaka 1793. Robespierre na Saint-Just walikufa siku moja, Julai 28, 1794. Josephine alifariki Mei 1814, na mwaka 1820 Bibi Lenormand akachapisha kumbukumbu za siri za maisha yake. Nani angesimama kusema kwamba hakwenda, au alikwenda lakini hakuambiwa hivyo? Utabiri ulioandikwa baada ya jambo kutokea haukosei kamwe.

Hili silo la kumfanya mtu mpumbavu. Mwanamke yatima, asiye na mume wala cheo, aliyepita katika mapinduzi, ufalme wa Napoleon na kurudi kwa wafalme wa zamani, kila mara akibaki na wateja wake, lazima awe alizijua tabia za binadamu vilivyo. Aliyekuja kwake alikuja na hofu, akakuta mtu wa kumsikiliza. Hiyo ndiyo bidhaa aliyoiuza hasa.

Alifariki Paris mnamo Juni 25, 1843, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Inasimuliwa kwamba alikuwa amejitabiria kuishi zaidi ya miaka mia. Mganga hajigangi. Aliacha mali iliyotajwa kufika faranga 500,000. Mrithi wake alikuwa mtoto wa ndugu yake, askari na Mkatoliki wa kushika dini. Inasemekana alizichukua fedha, na vyombo vya utabiri akavitia moto.

MCHEZO WA MATUMAINI

Karata zilipoungua ndipo biashara ya karata zake ilipoanza. Mwaka 1845 zilitoka Paris karata 54 zenye hadithi za Wayunani na picha za nyota, zikapewa jina lake. Miaka hiyo hiyo ya 1840 huko Ujerumani zikaanza kuuzwa nyingine, hizi 36 ndogo, nazo zikapewa jina lilo hilo. Maelezo yake yalitiwa saini ya mtu aitwaye Philippe Lenormand, kana kwamba ni jamaa wa marehemu.

Asili ya hizo 36 imekuja kujulikana. Ni mchezo uliotungwa na Johann Kaspar Hechtel wa Nuremberg, ukachapishwa mnamo mwaka 1799 kwa jina la Mchezo wa Matumaini. Karata zilipangwa mraba, sita kwa sita, na wachezaji wakarusha dadu na kusogeza vijiwe, kama tunavyocheza nyoka na ngazi. Aliyeangukia jeneza, namba 8, alikwama. Aliyefika kwenye nanga, namba 35, ambayo kwa Wazungu ni alama ya matumaini, alishinda. Seti moja ya mchezo huo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kumbe jahazi, nyoka na jeneza, vyote vilikuwa vya kupotezea wakati jioni.

KUJIFUNZA UPYA

Atokaye kwenye taroti hupata shida hapa. Katika zile taroti zilizotolewa London mwaka 1909, zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kuenea mno, kila karata ni picha kamili. Mtazamiaji huikodolea macho na kuizungumza peke yake. Karata za Lenormand hazisemi peke yake. Ni kama maneno katika sentensi: barua ni habari, panya ni hasara, zikikaa pamoja, basi ni habari ya hasara, au barua iliyopotea. Wengine huzitandaza zote 36 kwa safu, wakaitafuta karata ya mwanamume au ya mwanamke inayosimama badala ya mteja, kisha wakapima: mawingu yako karibu naye au mbali? Ndiyo maana mjuzi wa miaka ishirini wa taroti hujikuta akibabaika kama mtoto aanzaye alifu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kwenda Paris kuyajua mambo ya kutazamia. Ramli na bao tumeviona, na hukumu yake tumeisoma chuoni: Sura ya Al-Maida imeitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, na kutuamrisha tuepukane nayo. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini hata asiyeifuata hukumu hiyo anao wajibu wa kuuliza bidhaa aliyoishika imetoka wapi.

Bibi Lenormand aliwasemea wafu, akawatia vinywani maneno ambayo hawakuweza kuyakana, na kwa hayo akatajirika. Alipokufa, wenye mitambo ya kupiga chapa walimtendea yeye vivyo hivyo. Maiti haulizwi sanda. Karata alizozishika kweli ziliteketea mwaka 1843. Zinazouzwa kwa jina lake hadi leo ni mchezo wa dadu wa Mjerumani aliyekuwa ameutunga yeye akiwa bado kijana Paris.