Von Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyeacha makovu Taita na Taveta

MSAFIRI atokaye Voi kuelekea Taveta hupita Maktau na kilima cha Salaita, mahali ambapo Waingereza na Wajerumani walipigana zaidi ya karne moja iliyopita. Mtu aliyesababisha sehemu kubwa ya mapigano hayo ni Paul von Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka wa 1870. Kabla ya kuletwa huku alihudumu China na katika koloni la Afrika Kusini Magharibi, ambalo leo ni Namibia, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama. Huko alijeruhiwa jicho.

Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuongoza jeshi la koloni. Vita vilipozuka Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitamani koloni lisihusishwe. Lettow-Vorbeck alikataa. Alijua hangeweza kuishinda Uingereza, lakini alitaka kuilazimisha ilete Afrika majeshi ambayo yangepigana Ulaya. Mwezi huo huo askari wake waliiteka Taveta, na kutoka hapo wakaihujumu reli ya Uganda. Novemba aliwashinda Waingereza vibaya mjini Tanga.

Ili kumng'oa Taveta, Waingereza walijenga reli kutoka Voi. Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliushambulia mlima wa Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Jan Smuts, Waingereza waliitwaa Taveta na kupigana vikali katika vilima vya Latema na Reata.

Lettow-Vorbeck hakusalimu amri. Alirudi nyuma akipigana hadi kusini, akavuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji mwaka wa 1917, kisha Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Aliweka silaha chini Abercorn, sasa Mbala, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Alibaki na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Kwao alipokewa kama shujaa. Hata hivyo, ushujaa huo ulilipiwa na wengine. Pande zote mbili ziliwalazimisha Waafrika kubeba mizigo, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Majeshi yalipora nafaka na mifugo, na Ugogo ikakumbwa na njaa iliyoitwa Mtunya.

Mwaka wa 1920 alishiriki jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani, likafeli, akapoteza cheo chake jeshini. Alifariki Hamburg, Machi 1964. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wake wazee waliokuwa bado hai.

Wanajeshi wa Ulaya waliofia Taita na Taveta wana makaburi yenye majina katika miji ya Voi na Taveta. Wapagazi wengi walizikwa kando ya njia bila alama. Kumbukumbu yao imo katika sanamu iliyozinduliwa mwaka wa 1928 jijini Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na katika jina la mtaa wa Kariokor, lililotokana na kikosi cha wapagazi. Wengi wanaopita hapo kila siku hulitaja jina hilo bila kujua kuwa wanawataja marehemu.