Tippu Tip: vita ya pembe, hapana vita ya dini

Wandugu wachimbaji, ninyi pamoja na mama na watoto, leo tuongee juu ya Tippu Tip. Wengi wetu tulisikia kwamba alikuja huku kwetu kupigania Uislamu. Tukifuata maisha yake, tunaona kitu kingine.

Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara. Wakati ule Ulaya na Amerika walitafuta pembe za tembo mingi, juu ya kutengeneza piano, mipira ya biliardi na vipini vya visu. Tembo wa karibu na pwani walikuwa wamepungua, basi wafanyabiashara wakasonga mbele: Tabora, ziwa Tanganyika, kisha Maniema.

Mali ya safari alipata kwa deni. Mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa alikuwa Taria Topan, Mhindi tajiri wa Zanzibar. Deni njo lilimsukuma: hakuweza kurudi mikono mitupu. Mwaka 1867 alipiga Nsama, mtemi wa Watabwa, akachukua akiba yake ya pembe. Karibu 1875 akakaa Kasongo. Vijiji vilivyokubali vilitoa pembe kama kodi. Vilivyokataa vilipigwa, watu wakafanywa watumwa. Wengine walibebeshwa pembe, wengine walipewa bunduki. Kugeuza watu dini haikuwa kazi yake.

Mwaka 1887 Leopold II, kwa mkono wa Stanley, alimfanya gavana wa Stanley Falls, ni kusema Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kila mwezi. Lakini mfalme naye alitaka zile pembe zishuke kwa mto, zisiende Zanzibar. Mwaka 1890 Tippu Tip akarudi kwao. Mwaka 1892 vita ikalipuka. Mwaka 1893 Kasongo ikaanguka na mtoto wake Sefu akafa. Serikali ya Leopold ilisema inapiga utumwa, lakini pembe zilibaki kwake, na kisha ikaja damu ya kaucho.

Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka 1905, mwenye mashamba na nyumba. Wabebaji wake, hata majina hatujui.

Sisi wa sendika tunasema hivi: wakituambia vita ni ya dini ao ya kabila, tuulize kwanza nani alikopesha mali, nani anabeba mzigo, na bei inakatwa wapi.